Daraja la Mto Azumbu

Mheshimiwa Lucienne alikuwa kwenye kiti chake cha safu ya nyuma, upande wa upinzani, akitafuta miwani ndani ya mkoba, huku katibu akisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, zile wanazoziita PV, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Hiyo ndiyo saa ambayo hakuna anayesikiliza. Wengine humalizia chai, wengine hujibu simu, na katibu akifika mwisho wote hunyoosha mikono kukubali ili kazi ianze. Lucienne naye alinyoosha. Miwani alikuwa bado hajaipata.

Katika kikao hicho kilichopita alikuwa amemuuliza waziri wa ujenzi, Bwana Lambert, daraja la mto Azumbu liko wapi. Waziri alijibu kwamba lilikwisha kujengwa, la chuma, lenye rangi ya kijani na kingo pande zote mbili, tena linapendeza. Upande wa serikali walipiga makofi. Lucienne alipaaza sauti kwamba ni uongo, wakazima kipaza sauti chake. Jibu la waziri likaandikwa, kelele zake hazikuandikwa. Na kwa kanuni za bunge hilo, jambo likishaandikwa na kukubaliwa kwa mikono, limekwisha kuwa.

Mkono wa mwisho uliposhuka, daraja lilikuwa ukumbini. Lilianzia mlangoni, likapita juu ya viti na kushukia kando ya kiti cha spika. Lilikuwa la chuma, kijani, na kingo zake zilikuwa imara. Wabunge wa safu za katikati waliinamisha vichwa wasije wakajigonga. Spika aliuliza kama kuna aliyeumia, akaambiwa hakuna, akataja hoja inayofuata.

Lucienne alisimama.

"Honorable Président, hii daraja haiko pahali yake. Mayi iko kule."

"Honorable, weye mwenyewe ulinyoosha mukono," spika akasema. "PV imeshapita."

"Nilikuwa natafuta miwani!"

Walicheka, hata wa upinzani. Akaomba daraja lihamishiwe mtoni, hoja ikapigiwa kura, ikaanguka, na wengi wape. Waziri Lambert alieleza kwa upole kwamba daraja jipya halisumbuliwi. Jioni ile wafanyakazi wa usafi walipewa kazi ya kulipangusa vumbi.

Lucienne hakulala. Ng'ambo ya Azumbu aliishi dada yake mkubwa, Godelive, pamoja na binti yake Fanny, ambaye mimba yake ilikuwa inakaribia kutimia. Daktari alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya tumboni, lazima azaliwe hospitalini Bunia, upande huu wa mto. Mto umejaa, na mahali pekee pa kuvukia kwa miguu ni juu kabisa, penye kizuizi cha watu wenye bunduki. Tangu amani itiwe saini, watu hao walikuwa wameacha kuua. Siku hizi waliuliza tu: jina lako, jina la baba, jina la babu, kijiji cha babu. Kuuliza si ujinga, ndivyo watu wa mtaa wa Mudzipela walivyosema wakitaniana. Lakini aliyepita pale alishinda siku nzima akinong'ona majina hayo, na wapo ambao hawakumaliza kujibu. Lucienne aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Alimpigia Fanny simu, akamsihi asitoke nyumbani mpaka yeye apate njia.

Bunge nalo likapanga kuzindua daraja. Utepe ulifungwa, kwaya ikaitwa, sambusa zikapangwa kwenye sahani chini ya daraja, ambako kungekuwa na maji. Lucienne alifika kabla ya wageni, akapanda hadi katikati, akashika ukingo kwa mikono miwili na kusema hashuki mpaka daraja liende kunakohusika. Spika aliangalia saa. Mtangazaji wa redio hakuona sababu ya kungoja, akatangaza kwamba daraja la Azumbu limefunguliwa.

Baada ya muda simu ya Lucienne ikalia.

"Mama mudogo, tumefika ku mayi," Fanny akasema, akihema. "Radio imesema daraja imefunguliwa. Majirani wamenilalisha mu tipoyi, wamenibeba ku mabega. Weye uko wapi?"

"Niko juu ya daraja."

"Siye tunaangalia. Hatukuoni."

Lucienne alitazama chini. Aliona vigae, sahani, na mwanakwaya mmoja anayetafuna kabla ya wakati.

"Fanny, rudia nyumba. Unanisikia? Rudia."

"Uchungu imeshaanza tangu asubui. Tutapita ku barrière, kwa wale wa bunduki."

"Fanny, hapana!"

Polisi wawili walikuwa wamepanda kutoka pande mbili. Walimwomba radhi, wakamnyang'anya simu, wakambeba kwa adabu kama mtu anavyobeba kabati la jirani. Alipiga mateke, akalia kwa sauti, akawatukana mbele ya kwaya. Waziri Lambert alikata utepe. Wageni walivuka kutoka mlangoni hadi kwa spika, wakarudi tena, wakasifu.

Siku iliyofuata Godelive alifika kwa Lucienne, mtaa wa Saio, akiwa amevaa kitenge kilichokaukiwa na matope. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa peke yake. Lucienne alimpokea mtoto, akampa dada yake maji, na hakuuliza. Godelive alikunywa yote kwanza.

"Walituuliza jina ya baba ya Fanny," akasema. "Na ya baba ya baba yake. Tukajibu. Halafu wakaanza upya. Hakuna mutu alimupiga, Lucienne. Waliuliza tu, mupaka jua ikalala."

"Na yeye?"

"Alizalia pale pembeni, mu majani. Damu haikusimama. Wale wakasema sasa tunaweza kupita." Alishusha kikombe. "Alikuwa amemuchagulia mutoto jina. Hakuniambia."

Lucienne alilia mpaka kifua kikamuuma.

"Yaya, dada yangu, hata mukono yangu ilikuwa mule. Nilinyoosha na wao."

Godelive alimchukua mtoto, akambadilisha nepi, akamrudisha mgongoni na kukaza kitenge. Kisha akasema anataka kuliona hilo daraja.

Walikwenda ukumbini kesho yake. Kikao kilikuwa kinaendelea, na hakuna aliyewazuia, kwa kuwa siku hizo watu wengi walikuja kuliangalia. Godelive alivua viatu, akapanda polepole. Katikati alisimama, akakanyaga chuma kwa kisigino, mara moja, mara ya pili, akatikisa ukingo kwa nguvu zake zote. Chini yake mbunge mmoja aliinamisha kichwa bila kuacha kusoma hotuba.

"Iko nguvu," Godelive akasema. "Tipoyi ingepita. Hata camion ya mizigo ingepita."

Akashukia upande wa kiti cha spika, akazunguka hadi mlangoni, akamuuliza polisi kama kuna njia nyingine ya kurudi ng'ambo, isiyopita kizuizini. Polisi akamwambia hakuna.