Uso Uliokwanguliwa

Gazeti letu la vichekesho lilitoka London kila Alhamisi. Wiki ile, ubao wa kuchapia katuni kubwa ulitufikia karakanani Jumatatu, ukiwa umekwisha kuchorwa kwa penseli; ukafunguliwa skrubu na kugawanywa vipande vinne, ili sisi wachongaji tuwahi kuumaliza. Kila mmoja alikiona kipande chake tu. Mimi nilipewa mikono na mnyororo.

Mikono ile niliijua. Ilikuwa ya Obadia Pettiford, mtu aliyetoroka utumwani Georgia, ambaye wiki iliyotangulia alikaa saa mbili karakanani mwetu mbele ya mchoraji. Aliahidiwa kwamba picha ingemtambulisha kwa watu kabla ya hotuba yake ya Ijumaa. Alikusudia kuwasihi Waingereza wasiwaunge mkono mabwana wa watumwa katika vita vya Marekani, na bila wasikilizaji safari yake ingekuwa bure. Mikono yake niliichonga kwa heshima, kovu kwa kovu.

Jumanne, vipande vilipounganishwa, niliiona picha nzima. Juu ya mikono ile palikuwa na uso wa nyani: midomo kama soli za viatu, meno nje, ukiwachekelea wazungu wawili waliokuwa wakiuana.

Nilimwendea msimamizi, Bwana Tansley, nikamsihi auzuie ubao usichapwe.

“Wasomaji wanataka kucheka, binti,” alisema huku akitafuna mkate. “Juzi tulimcheka rais wa Marekani. Leo ni zamu ya huyu.”

“Rais hakukaa hapa saa mbili akituamini.”

“Rudi mezani kwako.”

Nilirudi. Alipotoka kwenda kuita mkokoteni wa kuupeleka ubao kiwanda cha uchapaji, nilishika patasi nikaukwangua uso wote, kwa maana ubao uliochimbwa haushiki wino. Ukapakiwa bila mtu kuukagua tena.

Alhamisi gazeti lilitoka na mtu mwenye weupe mtupu juu ya shingo, jina la Bwana Pettiford likiwa chini yake, nami nikafukuzwa kazi kabla ya saa nne. Mlangoni nilikutana na Bwana Pettiford, gazeti mkononi. Nilimweleza yote, pamoja na aibu yangu ya kumchongea mnyororo ambao hakuja nao.

“Uso wenyewe ulikuwaje?” aliuliza.

“Mchafu, bwana. Usinilazimishe kuusema.”

“Basi naufahamu. Hata kwetu wanauchora.” Alilikunja gazeti polepole. “Tangu gazeti litoke watu wananisimamisha njiani, wanauliza kulikoni sina uso. Nimewaambia waje kesho ukumbini wautazame. Nawe uje, bibi. Ukae mbele.”