Dago la Maji Mafu

Tangu mama yao Tahiya na Bakar afariki, hakuna aliyetaja dago, kambi ya uvuvi kisiwani, katika nyumba ile ya Ng'ambo. Kwa hiyo Mzee Msabah aliposema, kikombe cha chai mkononi, kwamba likizo hii ya skuli wote waende, binti yake Tahiya alinyamaza kimya, asije akaliharibu neno lenyewe kwa furaha.

Zamani walikwenda kila mwaka. Walipanda ngalawa Mkokotoni, wazazi na watoto na masufuria, wakapiga kambi kwenye kisiwa kisicho na mtu, wakavua, wakalala chini ya tanga lililogeuzwa hema. Wali ulikuwa na mchanga na hakuna aliyelalamika. Maji yakipwa, mama alimshika Tahiya mkono wakashuka mwambani kuchokoa pweza. Mama alikuwa akisimama juu ya tundu, akiangalia tu, halafu akicheka peke yake. Hapo Tahiya alijua pweza yumo. Sasa Tahiya naye ana binti, Ulfat, wa umri uleule aliokuwa nao yeye siku zile, na katika safari nzima alitaka jambo hilo moja: kumshika mwanawe mkono juu ya mwamba ule.

Wakaanza kupanga. Kaka yake, Bakar, alijitwika habari ya mishipi na ndoana, na ngalawa ya kuazima kwa binamu yao Jecha. Tahiya akataja mchele, ndimu, madumu ya maji, turubai. Bakar akasema wasisahau na feni, maana dada yake siku hizi halali bila feni, na kule kaa hawajaungiwa umeme. Hata mzee alicheka.

Kisha mzee akataja siku. Tahiya akauhesabu mwezi kimoyomoyo, akanyong'onyea. Zilikuwa siku za maji mafu, bahari isipopwa sana wala kujaa sana. Mwamba ungebaki chini ya maji; hutoka siku za bamvua tu, maji yanapopwa sana. Bakar akadhani mzee kasahau, akamtania kwamba mji umemmaliza, mvuvi mzima hajui tena bamvua ni lini. Mzee akapiga funda la chai. Bakar akatoka uani kumpigia simu Jecha.

Tahiya hakuwa mtu wa kumpinga baba yake. Alipangusa meza iliyokwisha pangusika.

"Baba, maji mafu mwamba hautoki."

"Nnajua."

"Pweza hatutompata."

"Nnajua, mwanangu." Akaweka kikombe chini. "Mwamba ukitoka, ntamtafuta mama yako juu yake. Nyinyi mlidhani mle ngalawani navua. Nilikuwa namtazama yeye."

Tahiya alitaka kusema habari ya Ulfat, akaimeza.

"Basi twende maji mafu, baba. Samaki wa mshipi watatutosha."

Mzee akakigeuzageuza kikombe. Halafu akauliza kama Ulfat amewahi kumuona pweza akiwa hai. Tahiya akasema hapana, amemuona sokoni Darajani tu, kwenye beseni.

"Mjukuu wa Sichana," mzee akasema taratibu, akilitaja jina la mkewe, "anamjua pweza wa beseni."

Bakar akarudi na habari njema: Jecha kakubali siku zile. Mzee akamwambia apige tena, aseme wanasogeza mpaka bamvua. Bakar akamtazama dada yake, asielewe, akarudi uani akinung'unika.

"Mtoto ana viatu vya mpira?" mzee akauliza. "Mwamba ule una miba."

"Kesho nitamtafutia madukani Mlandege."

"Jitafutie na wewe."