Shimo la Sita na Maharagwe ya Susu

Uwanja wa Gofu wa Munyao na Familia uko Kathiani, kwenye mteremko ambao Mungu aliuumba kwa ajili ya mbuzi. Una mashimo sita. Viwanja vya watu wenye heshima zao huwa na kumi na manane, lakini babu yangu, ambaye sisi wajukuu humwita Umau, kama tumwitavyo nyanya Susu, husema hiyo ni idadi ya watu wasiojua kurudi nyumbani. Nyasi hukatwa na kondoo wa Anko Kimanzi, wafanyakazi ambao hawajawahi kugoma. Pale pa kuingizia mpira, ambapo kwingine pana nyasi laini kama zulia, kwetu ni duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu usipeperushwe na upepo. Oili hiyo hutoka kwa Bwana Omar, mwenye duka la vipuri vya magari kule Mitaboni, na kwa ukarimu wake ameruhusiwa kucheza bure hadi kufa. Jumba la wachezaji zamani lilikuwa nyumba ya kuku. Kuku walihamishwa. Harufu ilikataa kuhama.

Mimi, Nzisa, Kidato cha Tatu, nikiwa likizoni ndiye afisa wa itifaki. Kazi yangu ni kupokea wageni kutoka Nairobi na kuwaelekeza katika mila zetu. Kwa mfano, huwaeleza kwamba katika uwanja huu mtu hulisalimia shimo kwa Kikamba kabla ya kusukuma mpira. Nimemwona mkubwa mmoja wa benki, kitambi chake kikigusa fimbo, akiinama na kusema, "Uvoo waku, shimo?" Alikosa kwa mbali. Akaniuliza kama matamshi yake yalikuwa mabaya. Nikamwambia matamshi yalikuwa sawa ila shimo halikupenda sauti.

Basi mwezi wa kumi na moja nilifika nyumbani nikiwa na sanduku la bati na barua ya mwalimu mkuu kuhusu tabia yangu, ambayo haituhusu hapa, nikakuta vita vimezuka. Katikati ya shimo la sita palikuwa na rundo la samadi lenye kimo cha ndama.

"Nani ameweka hii?" nilimwuliza Anko Kimanzi.

"Susu yako."

"Kwa nini?"

"Anataka kulima. Mvua iko karibu." Anko Kimanzi alitazama pande zote kama jasusi. "Umau amekataa. Amesema mbele ya watu wote sokoni eti shimo hilo litalimwa tu na mtu atakayemshinda gofu."

"Susu akasema nini?"

"Akasema, 'Kama unalipenda hivyo, kalale nalo.' Sasa mzee analala huko." Akaashiria nyumba ya kuku.

Lazima nieleze hasara iliyokuwa inatukabili. Shimo la sita ndilo tuta pekee la shamba letu lililo tambarare, lenye udongo mweusi na lenye kushika maji. Kwa maharagwe ya aina ya nyayo, ambayo Susu huyapanda na kuyasifu kuliko watoto wake wote, hapakuwa na mahali bora. Kwa gofu pia hapakuwa na mahali bora. Unasimama kwenye tuta la juu, unapiga, mpira unapaa juu ya mparachichi, unapotea kwa muda wa kutosha mtu kutubu, kisha unashuka pu! kando ya bendera. Nililipenda shimo lile kuliko vitu vyote vya shuleni, chakula kikiwemo, ingawa hapo ushindani haukuwa mkali.

Jioni hiyo Susu aliniita jikoni. Alinipakulia muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaurundika mpaka sahani ikaomba msamaha.

"Kula."

Nikala.

"Hiyo umekula ni ya nani?"

"Ya kwako, Susu."

"Na nguo unafuliwa na nani?"

"Nafua mwenyewe, Susu."

"Sabuni ni ya nani?"

Niliona mahakama hii haina rufaa.

"Jumamosi," alisema, "utacheza na Umau yako. Krismasi iliyopita si ulimshinda? Utamshinda tena, kwa niaba yangu. Shimo moja tu, hilo hilo. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Ukishinda, Jumatatu Kimanzi analeta ng'ombe na plau."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nitajua umeshindwa kwa kupenda."

Nililala nikiwa na mpango. Ningeshindwa, lakini kwa ustadi ambao Susu angeuhurumia. Mtu ambaye ameweza kuugua malaria kila Jumatatu ya mtihani wa hesabu hawezi kushindwa kushindwa.

Jumamosi kijiji chote kilikuja. Susu aliketi kando ya duara la mchanga kwenye kiti cha plastiki, mwavuli juu, kibeti mapajani, kama mgeni rasmi wa kitu asichokiafiki. Bwana Omar alikuwa refa. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya gofu, akatangaza kwa sauti ya matanga kwamba samadi ni sehemu halali ya uwanja na haitasogezwa.

"Mzee Munyao, uko tayari?"

"Tayari."

"Nzisa?"

"Kwa huzuni, ndiyo."

Nilianza mimi. Nililenga zizi la ng'ombe, lililo upande wa kushoto kabisa, nikaupiga mpira moja kwa moja ndani. Fahali alitoa sauti. Watu wakasema "Woi!" Nilishika kichwa, nikapiga goti, nikatikisa mabega. Ilikuwa kazi safi.

Kisha Umau akaja. Umau hupiga mpira ukanyooka kama mshale hata akiwa na homa. Alijipanga, akavuta pumzi, akaupiga. Mpira nao ukaingia kwenye zizi la ng'ombe.

"Jua," alisema, akikinga macho. Mbingu zilikuwa na mawingu mazito.

Nilidhani ni bahati mbaya. Pigo la pili nilitoka zizini nikaelekea kwenye ua wa miiba. Umau akatoka zizini akaelekea kwenye ua wa miiba. Pigo la tatu nililenga mtaro, nikapata mtaro. Umau akanifuata mtaroni kama mbwa anayemfuata mwenye mfupa. Watazamaji walianza kunung'unika. Kijana mmoja alipiga kelele, "Hata susu wangu kipofu angepiga mzuri!" Na susu wake, aliyekuwa karibu naye na ambaye anaona vizuri kabisa, akampiga kofi.

Mtaro wetu unapita nyuma ya mparachichi, mahali ambapo hakuna mtu angetuona. Nilichuchumaa.

"Umau, unafanya nini?"

"Nacheza. Wewe unafanya nini?"

"Nacheza."

Tukatazamana. Babu yangu ana uso mrefu wa heshima, uso wa mzee wa kanisa, na juu yake kulikuwa na mapele kutoka shavuni hadi shingoni.

"Utitiri wa kuku," alisema, akajikuna. "Kuku waliondoka, wao wakabaki."

"Umau, unataka kushindwa?"

Alichungulia kama Bwana Omar anakuja. "Nilisema maneno makubwa sokoni. Siwezi kuyarudisha. Nikishindwa mchezo, nimeshindwa kama mwanamume, naenda nyumbani. Nisiposhindwa, nitakufa na hawa wadudu."

"Lakini ni shimo la sita!" Nilimvuta mkono wa shati, jambo lisilofaa kwa afisa wa itifaki. "Umau, ni lile la mparachichi."

"Najua." Alifuta fimbo kwa kiganja. "Juzi usiku nilimsikia Susu yako akicheka huko ndani na redio. Peke yake. Akacheka mpaka akakohoa. Nimekaa kwenye nyumba ya kuku najiuliza, kumesemwa nini? Miaka yote, kitu kikimchekesha huwa ananigonga mguu ananiambia."

"Wachezaji!" aliita Bwana Omar. "Huko nyuma mnacheza gofu au mnagawana urithi?"

Umau alisimama na kujipangusa vumbi. "Nisaidie, mwana wakwa. Shinda."

Ni rahisi kusema shinda. Mpira wangu ulikuwa mtaroni kwa jitihada zangu mwenyewe. Niliupiga kwa nguvu ukapaa, nikaona wokovu, kisha ukatua fu! ndani ya rundo la samadi na kuzama mpaka ukabaki mweupe kidogo tu, kama jicho.

Umau naye alipiga, akilenga mbali kabisa, kwenye shamba la jirani. Lakini mpira uligonga shina la mparachichi, ukarudi, ukagonga mguu wa kondoo mmoja wa Anko Kimanzi, ukabiringika juu ya mchanga polepole, bila aibu, ukasimama shubiri moja kutoka kwenye shimo.

Watu walishangilia. Umau alionekana kama mtu aliyesomewa hukumu.

Sasa fikiria shida ya babu yangu. Mapigo yetu yalikuwa sawa, na Bwana Omar aliamua aliye karibu na shimo atangulie. Shubiri moja. Mtoto anayenyonya angeuingiza mpira ule kwa kuupumulia. Na yeye alitakiwa aukose mbele ya kijiji kizima, mbele ya Bwana Omar mwenye macho ya kuona noti bandia, na mbele ya mke wake.

Alijipanga. Akanyoosha mikono. Akapiga chafya kubwa, fimbo ikaukwaruza mpira kwa juu, nao ukasogea nyuma ya shimo.

"Pole, mzee!" watu walisema.

"Vumbi," alisema Umau.

Zamu yangu. Nilipanda juu ya rundo la samadi, viatu vikazama, nikapiga. Samadi ilimfikia Bwana Omar kwenye kanzu. Mpira ulifika mchangani, mbali kidogo na shimo.

Zamu ya Umau. Alishika mgongo. "Aii! Mgongo!" Mpira ukapita kando ya shimo.

Hapo nilimtazama Susu. Alikuwa ameshusha mwavuli. Alimtazama mumewe kwa namna ya mwanamke ambaye amefua soksi za mtu maisha yake yote na anajua kila tundu.

"Baba Kimanzi," alimwita mumewe. "Mgongo umeanza lini?"

"Leo, Mama Kimanzi."

"Na hayo mapele?"

"Hayo ni ya tangu niende huko."

Susu alifungua kibeti, akakifunga tena. Hata wale waliokuwa wakitafuna miwa waliacha. Kisha Susu akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nzisa. Hebu maliza hii kitu. Mzee wangu amechoka."

Nilisimama mbele ya mpira. Nilitazama duara lile la mchanga, mparachichi, tuta la juu nilikojifunza kupiga nikiwa mdogo kuliko fimbo. Ningeweza kukosa. Nilikuwa bingwa wa kukosa. Mchezo ungeendelea mpaka giza, Umau angerudi kwa utitiri wake, nami ningebaki na shimo langu zuri, lenye samadi katikati na babu anayejikuna pembeni.

Niliusukuma. Ulizunguka ukingo wa shimo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, ukaingia.

Babu yangu alivua kofia. Alitangaza kwa sauti nzito kwamba ameshindwa kwa haki, na kwamba mwanamume hutimiza neno lake. Ilikuwa hotuba nzuri ya huzuni, ila aliitoa huku akitembea upesi kuelekea nyumbani, na sehemu ya mwisho hatukuisikia.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Anko Kimanzi shambani na ng'ombe wawili na plau. "Toa hiyo bendera," alisema. "Ng'ombe anaiogopa." Niliing'oa. Kisha nikachimbua kopo la mafuta ya kupikia ambalo ndilo lililokuwa shimo lenyewe, nikalitoa mchanga, nikasimama pembeni huku plau ikipita. Udongo ulifunuka mweusi na wenye mafuta. Ulikuwa mzuri, na nilitamani usiwe mzuri hivyo.

Nikarudi nyumbani na kopo langu. Kulikuwa na jambo ambalo miaka yote hatukuwa tumeliona, labda kwa sababu tulikuwa tunalikanyaga. Uwanja wa mbele ya jiko la Susu hufagiliwa kila alfajiri tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa. Ni mgumu, ni laini, hauna hata kijiti. Katika kaunti nzima hakuna mahali ambapo mpira ungebiringika vizuri zaidi. Nilichukua panga, nikachimba karibu na mlango wa jiko, nikazika kopo mpaka ukingo ukalingana na ardhi, nikachomeka bendera.

Susu alitoka na ufagio.

"Nzisa! Hiyo ni nini?"

"Ni shimo la sita, Susu."

Umau alitokea nyuma yake na kikombe cha chai, mapele yamepakwa mafuta. Alitazama kule juu kwenye matuta, akatazama paa la mabati, akatazama bendera. Niliona midomo yake inahesabu mapigo.

"Wewe usifungue mdomo," Susu alimwambia bila kugeuka.

"Sijasema kitu, Mama Kimanzi."

"Unasema na macho."

Alilizunguka shimo mara moja. Alilichungulia. Alichokoa ndani kwa mpini wa ufagio. Nilijiandaa kukimbia; nina uzoefu. Lakini aliingia jikoni, nikasikia sufuria zikigongana, akatoka na kifuniko cha zamani kisicho na kishikio, akakiweka juu ya shimo na kukikanyaga kikae vizuri.

"Vifaranga wangu wasitumbukie humo," alisema. "Mkimaliza kucheza, mfunike."

Akaendelea kufagia.