Kibuyu Kilichokwama

Mkono wa baba mkwe uliinua kibuyu cha togwa, ukakwama shubiri moja kutoka mdomoni. Kwa miaka sita watu wa Bwera waliujua mkono ule kuliko mikono ya ndugu zao. Ulikuwa katika filamu ya kuchekesha aliyoipiga Hilaire, muuza vitenge kutoka Butembo, kwa kamera yake mwenyewe: bwana harusi anapeleka mbuzi wa mahari, mbuzi anatoroka, ukoo mzima unamfukuza. Filamu haikuwa na sauti, na ukanda wake ulikuwa umechanika pembeni. Kila ilipofika kwenye kibuyu, mashine ilikwama. Hapo ghala la kahawa walimoitazama lilifurika kelele, "Kunywa, mzee! Kunywa!" mpaka Hilaire aukwamue ukanda kwa sindano ya kushonea magunia.

Mwaka 1969 Hilaire alitia taa mpya, kali mno. Ukanda ulipokwama, uliungua wote. Filamu ikafa na kiu yake.

Vijana wakaazimia kuiigiza jukwaani. Edisa, aliyepewa nafasi ya bibi harusi, alimwomba babu yake, Mwalimu Eridadi, awaandikie mchezo. Eridadi alikuwa ameongoza shule miaka thelathini na mmoja, suruali yake imenyooka kama rula, na hakuna aliyewahi kumcheka machoni pake. Aliandika maneno safi, akasahihisha kila kasoro ya filamu. Katika mchezo wake, baba mkwe aliinua kibuyu, akanywa, akashukuru.

Siku ya jaribio majirani walitazama kwa adabu, kama watu waliofika matangani.

"Babu, umepaondoa pale inapokwama," Edisa alimwambia.

"Ile ilikuwa hitilafu ya mashine. Mimi sikupata kumfundisha mtu hitilafu."

"Ndiyo waliyokuwa wakiifuata, babu. Jumamosi wakinyamaza hivi, hatupewi ghala tena. Magunia ya kahawa yatarudi."

Usiku ule Eridadi alisoma maandishi yake mara mbili, na mara zote mbili hakutabasamu.

Jumamosi adhuhuri habari ilifika kwamba Stanislas, aliyeigiza baba mkwe, alikuwa amekwama mbali, huko Kikorongo, juu ya lori lililovunjika ekseli. Mtu mwingine aliyeyajua maneno yale kwa moyo alikuwa mmoja tu. Edisa alimvika babu yake kanzu ya Stanislas, fupi juu ya vifundo vya miguu, wala hakuthubutu kumtazama usoni.

Mbuzi alitoroka, akarudishwa. Watu walitabasamu kidogo tu. Eridadi akainua kibuyu. Mbele yake walikaa wanafunzi wake wa zamani, wengine wenye mvi, mikono magotini kama alivyowazoeza. Pembeni, Edisa alikuwa amefumba macho.

Mkono wa Mwalimu ukasimama shubiri moja kutoka mdomoni.

Kisha Masereka, ambaye zamani alichapwa kwa kuchelewa, akapaza sauti kutoka nyuma: "Kunywa, Mwalimu! Kunywa!" Paa la mabati likatikisika kwa vicheko. Wazee walipigapiga mapaja. Mama Marita alijifuta macho kwa leso. Eridadi hakupepesa jicho. Jambo fulani la zamani, lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, lilikuwa linafunguka ndani ya kifua chake.

Hilaire akapanda jukwaani, sindano ya magunia mkononi, akaanza kuuzunguka ule mkono taratibu kama fundi.

"Nikwamue basi, Hilaire," Eridadi alinong'ona bila kusogeza midomo. "Bega linaniuma."

"Ngoja kidogo, Mwalimu," Hilaire alijibu kwa Kiswahili cha kwao Butembo, akiinusa togwa. "Batu bangali banacheka."

Naye Mwalimu akangoja.