Bei ya Kompyuta Isiyo na Waya

Jumanne moja ya Machi, mwaka 1991, Dorca Apiyo aliipangusa kompyuta kwa leso, akaitia kwenye gunia la sukari pamoja na televisheni yake ndogo, akapanda basi la alfajiri kutoka Usenge kwenda Kisumu kuulizia bei. Alihitaji karabai mbili. Mashua alikuwa nayo, nyavu alikuwa nazo, wavuvi wanne alikuwa nao, lakini taa za kuwavutia omena, wale dagaa wa ziwani, usiku alizikodi kwa Nicodemus, na Nicodemus alichukua nusu ya kila kilichovuliwa, kisha akalalamika kwamba mafuta yamepanda. Karabai moja mpya ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili. Mbili zingekuwa elfu mbili na mia nne. Njia nzima hadi Kisian Dorca aliirudia hesabu hiyo, gunia mapajani, na kila alipoirudia akajiona tajiri.

Kompyuta yenyewe aliachiwa na mwalimu wa hesabu, mzungu mmoja mpole aliyepanga chumba kwake. Mwalimu yule aliileta kutoka kwao mwaka 1985 kwa sababu aliambiwa stima ingefika kijijini kabla ya Krismasi. Nguzo za umeme zilikuwa zimekwisha simikwa, saba kati ya hizo ndani ya shamba la mihogo la Dorca, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Nyaya zilipita juu ya paa lake kwenda kwenye nyumba ya kutengenezea barafu ya samaki ya tajiri mmoja ng'ambo ya kilima. Mwalimu alizitazama nyaya zile Krismasi mbili. Kisha mkataba wake ukaisha, akaaga kwa machozi, akamwachia Dorca mashine ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiwasha pale hata siku moja.

Waya wake mweusi Dorca hakuona kazi yake, akaufungia mbuzi. Wiki hiyohiyo, akifuta vumbi, alibonyeza kitufe na kompyuta ikawaka, televisheni nayo ikafuata. Ilitoa mwanga wa samawati, ikaandika neno moja la Kizungu lenye maana kwamba iko tayari, na chini ya neno hilo kijimraba kikaanza kupepesa. Dorca alisimama akingoja ifanye jambo jingine. Haikufanya. Akaizima, akaenda kuanua omena wake kabla mvua haijanyesha. Tangu hapo aliiwasha kila alipodondosha sindano.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Jubilee, naye aliitwa Wepukhulu. Alitengeneza redio, televisheni na pasi, na alisifiwa kwa mambo mawili: hadanganyi bei, na hacheki. Aliiweka kompyuta mezani, akaigeuza juu chini kama mtu anayekagua kuku sokoni, akaiwasha, akachonga penseli. Juu ya karatasi akaandika elfu nne. Hiyo, alisema, ni bei ya kuanzia, kama ingekuwa jana tu imetoka dukani. Kisha akaanza kukata. Kwa umri alikata elfu moja na mia sita, na ikabaki elfu mbili na mia nne kamili. Hizo zilikuwa karabai mbili. Alitamani fundi aiweke chini penseli ile akanywe chai.

Wepukhulu hakuwa mtu wa chai. Herufi tatu zilikuwa zimefutika, akakata mia tatu. Kinasa kaseti cha kuhifadhia kazi hakikuwepo, akakata mia nane. Hapo stima ikapotea mji mzima. Redio zote za kibandani zilinyamaza kwa pamoja, kikawa giza, kwa kuwa kibanda hakikuwa na dirisha, na kompyuta ikaendelea kupepesa mezani. Wepukhulu akaisogeza karibu na karatasi yake.

"Waya yake iko wapi, Mama?"

"Iko na mbuzi."

"Imetafuna?"

"Kidogo tu."

"Basi hiyo si waya tena," alisema, akakata mia nne. "Mia tisa."

Dorca alimwomba atazame vizuri. Mashine ilikuwa inawaka bila waya.

"Si naona? Ndiyo inanipatia mwangaza ya kuandika, na nakushukuru. Lakini kastoma ataniuliza waya."

Akamweleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hili siku nyingi. Wenye pesa za kompyuta wanakaa mjini, na mjini stima ipo, hata kama leo imepotea. Kwao mashine isiyohitaji stima haina faida ya ziada, ina upungufu wa waya. Ambao ingewafaa wako kule anakotoka Mama, na kule hakuna wa kuinunua. Dorca alilitafuta kosa katika maneno yale na hakuliona, na hilo ndilo lililomuuma. Wepukhulu alimsindikiza hadi kwenye basi akiwa amembebea gunia.

Alifika Usenge jua likiwa linazama. Obiero, nahodha wake, alikuwa amekaa kwenye ubao wa mashua pale ufukweni akingoja kuona karabai. Aliona gunia lilelile. Dorca aliliweka karibu naye, akamsimulia yote, elfu nne hadi mia tisa, na alipofika kwenye giza la kibandani akaiwasha kompyuta ili amwonyeshe jinsi fundi alivyoandikia.

Omena wakaja. Kwanza walikuja wachache, wakizunguka ubavuni mwa mashua, halafu maji yote yakachemka hadi magotini, na wengine wakawa wanaruka wenyewe mchangani. Obiero alizitoa ndala zake akaziweka mbali zisilowe.

"Nyar Sakwa," alisema, yaani binti wa Sakwa, maana ndivyo alivyomwita, kwa jina la kwao alikozaliwa. "Huyo fundi alipima hii kitu ndani ya maji?"

"Alipima kwa meza."

"Basi hajapima."

Wanawake waliokuwa wakianua omena walikuja na karai, na waliokosa karai wakaja na leso. Walichota hadi mikono ikachoka, wakamtania Dorca kwamba alikwenda Kisumu kutafuta kitu alichokuwa amekifunika kwa kitambaa mezani pake miaka yote. Dorca alicheka mpaka akakaa majini na nguo zake. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu siku ya kuizindua mashua. Kompyuta ilipigwa na mawimbi mara kadhaa, ikaendelea kupepesa vilevile.

Usiku huo mashua ilivua magunia kumi na sita, na hakuna aliyekuja kuchukua nane. Asubuhi Nicodemus alifika mwenyewe, akaizunguka mashine mikono mgongoni, akauliza kwa upole kama inakodishwa. Dorca akamwambia ndiyo, kwa nusu. Nicodemus alifikiri kidogo, kisha naye akacheka.

Baada ya miezi miwili alikuja mtu wa stima, Bwana Wanyonyi, amevaa viatu vizito na amebeba daftari. Ilikuwa imesemwa kwamba kuna mwanga kijijini usio na mita. Alikagua paa la Dorca, akakagua ukuta, hakuona kitu. Kisha akaona waya mweusi umefungwa kwenye nguzo ya nne, ule pekee uliowahi kushuka kutoka kwenye nguzo zile. Akaufuata kwa makini katikati ya mihogo, akiandika hatua zake, akafika mwisho wake, akamkuta mbuzi. Mbuzi alimtazama. Wanyonyi akaandika mbuzi.

Halafu akafungua orodha ya waombaji wa stima. Dorca alikuwa namba kumi na nne tangu mwaka 1984.

"Mama, hii nyumba iko na mwangaza ama haina?"

Dorca hakuwa mtu wa kusema uongo. Akasema upo.

Wanyonyi akatoa rula, akapiga mstari juu ya jina lake, mstari ulionyooka vizuri.

"Hii orodha ni ya watu hawana."

Dorca alimwuliza kuhusu nguzo saba, kama basi zingeng'olewa apande mihogo. Wanyonyi alisema nguzo hazihusiki, hizo ni za barafu. Alisema kwa heshima, na Dorca akampimia kopo zima la gorogoro la omena wakavu kwa sababu alikuwa ametoka mbali kwa miguu. Alishukuru sana.

Alipoondoka, Dorca alimhamishia mbuzi kwenye nguzo ya tano, penye majani mengi, akaufunga waya kwa mafundo mawili. Juu ya kichwa chake nyaya zilivuma zikielekea kilimani. Alifuta mikono kwenye leso, akateremka ufukweni, maana jua lilikuwa limekwisha zama, Obiero alikuwa ameiwasha mashine, na omena hawangoji.