Pale Karatasi Ilipoishia

Mzee aliingia ukumbini katikati ya mazoezi bila hata kupiga hodi, kofia mkononi, akasimama chini ya jukwaa akiwatazama waigizaji.

"Babu, tiketi hatujaanza kuuza," mwigizaji mmoja alimtania.

"Sikuja kutazama. Aliyeandika mchezo huu alikuwa mke wangu."

Mwongozaji alishuka jukwaani mbio. Kwa miezi minane alikuwa akimtafuta yeyote aliyemjua mwandishi huyo, karani wa shule aliyepiga chapa michezo yake nyuma ya fomu za mahudhurio, usichezwe hata mmoja. Huu ndio pekee uliopatikana, nao ulikuwa na sehemu mbili tu. Ya tatu haikuonekana.

"Shikamoo, mzee. Sehemu ya tatu unayo?"

"Marahaba, binti yangu." Alikaa taratibu. "Niliichoma. Majirani walisema yule mume mchezoni ni mimi. Sikuisoma hata. Niliitia kwenye jiko mbele ya macho yake. Hakulia. Aliinjika chai juu ya moto uleule. Tangu siku ile hakuandika tena, hata barua."



"Mwaka jana, kabla hajafumba macho, aliniambia: 'Wakija kuufufua, asinimalizie mtu. Pale ulipochoma, paache wapaone.' Basi nawe niahidi, mwanangu."

Mwongozaji aliahidi. Ulimi hauna mfupa. Neno lilishatoka ndipo akakumbuka kuwa sehemu ya tatu ipo mkobani mwake. Aliiandika mwenyewe kwa wiki sita, na hajawahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho.

Meneja wa ukumbi, alipoambiwa, hakumung'unya maneno. "Ukumbi nilikupa baada ya kusoma mwisho wako. Ukinionyeshea nusu mchezo, hao akina mama wengine kwenye orodha yako utawatafutia pa kuchezea. Hapa sahau."

Walikuwa waandishi wanne kwenye orodha hiyo. Wote marehemu, wote hawajawahi kupigiwa makofi. Mwongozaji alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwa waigizaji.

"Tunaishia pale karatasi inapoishia."

"Watatuzomea!" alisema mwigizaji wa kike aliyecheza mke. "Na maneno yako nimeshayakariri yote, mwalimu. Usiku nayaota."

"Najua, dada. Samahani."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Sehemu ya pili ilifika ukingoni: mke ameshika sanduku, mume anauliza, "Unakwenda wapi?" Mke akafungua kinywa. Karatasi ikaishia hapo.

Taa hazikuzimwa. Mtu alikohoa. Mwingine akacheka. "Jibu basi, mama! Umesahau?" Mluzi ukapigwa nyuma, viti vikaanza kulia. Mlangoni meneja aligeuka akaenda zake.

Safu ya mbele, mzee alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio, macho yamemtoka. Yeye pia alikuwa anasubiri jibu.

Mwigizaji alimwona. Machozi yakamlengalenga, akageuza shingo kumtafuta mwongozaji kando ya pazia. Midomo yake ilishaanza kulifinyanga neno la kwanza la jibu alilokariri. Alihitaji ishara moja tu.

Mwongozaji alitikisa kichwa: hapana.

Mwigizaji akafumba kinywa, akabaki amesimama na sanduku lake, watu wakizomea.