Goti Lenye Nyota

Mwalimu Kweyu aliweka madaftari mawili mezani, langu na la Ndinda. Ni sisi tu tuliokuwa tumewasilisha kazi mapema.

"Mmoja wenu amemwibia mwenzake," alisema. "Ijumaa aje aniambie. Asipokuja, siwaandikishi mtihani, wote wawili."

Nina miaka hamsini na tatu, ni tarishi wa ofisi, na mtihani huo nimeusubiri miaka minne ya masomo ya jioni. Kazi ilikuwa kulirudisha neno la goti katika lugha ya kale sana, mama wa lugha nyingi za Ulaya na India, ambayo hakuna aliyeiandika. Unalinganisha maneno ya watoto wake, kisha unakisia mama alisemaje. Kisio hilo hutiwa nyota, msomaji ajue hakuna aliyelisikia.

Kosa letu lilikuwa moja. Sote tulisema genu ni la Kigiriki na gonu la Kilatini, kumbe ni kinyume.

Mimi sikunakili. Basi ni Ndinda. Anaishi mlango wa pili hapa Tassia, na wiki iliyopita aliazima daftari langu siku mbili, ati aangalie tarehe za mtihani. Nikaanza kuzipima hata salamu zake. Alhamisi asubuhi nilipiga magoti nikamwomba Mungu amfichue, nikamtaja kwa jina.

Sijavaa viatu, Ndinda akagonga.

"Baba Clare, ukuta huu hauzuii kitu. Nimesikia ukinishtaki."

"Nilikuwa naongea na Mungu wangu."

"Ungeanza na mimi. Nakaa karibu zaidi."

Sikucheka. Nikamuuliza daftari langu alilitakia nini.

"Tarehe, si nilikuambia? Na ukurasa wako wa goti umejaa mchuzi. Nani angenakili hapo?"

Akampigia simu Naftaly, mwanafunzi mwenzetu anayekaa mbali, Njiru, na hajawahi kushika daftari la yeyote kati yetu. Naye aliandika Kigiriki ni genu. Akampigia Carolyne, ambaye hakuja darasani Jumanne ya somo la goti, akayatoa maneno kwenye kitabu cha maktaba. Yake yalikuwa sahihi.

Tulitazamana. Watatu tuna kosa moja, na asiyekuwepo hana. Basi kosa lina mama.

"Ni ubao," nilisema. "Ni mwalimu mwenyewe aliyeyageuza."

"Utamwambia wewe. Wewe ndiye mzee."

Ijumaa nilisimama darasani nikaeleza. Mwalimu alinikazia macho.

"Hadithi hii mmeipangia kwenye ngazi za nyumba yenu?"

"Naftaly anakaa Njiru, mwalimu."

"Simu zinafika Njiru, Mzee Zedekiah. Na ubao ulifutwa. Nani ana ushahidi?"

"Hakuna. Hata lile neno la goti hakuna aliyelisikia, na bado umetufundisha kulitafuta."

Mwalimu aliagiza madaftari yote. Yalikuwa kumi na moja, akayafungua moja moja bila haraka, kama anayetafuta noti bandia. Kumi yalikuwa na kosa. La Carolyne halikuwa nalo.

Alichukua orodha ya mtihani akaandika jina langu, kisha la Ndinda.

Nilimgeukia Ndinda mbele ya wote nikamwambia nilimshuku bure, anisamehe.

"Sawa, Baba Clare," alisema, akalivuta daftari lake hadi upande wa pili wa dawati.